Begi mgongoni Dar es Salaam: hesabu ya siku moja

Maneno yaliyosomwa na timu ya uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Obokote. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili walioomba maelezo.



Katika rapoti ya safari ya Dar es Salaam kuna mstari mmoja ulioleta maneno mengi. Tunausoma kama ulivyo: "Matembezi, siku ya Jumapili, watu sita: shilingi za Tanzania 41,400." Ni kama dola 16. Mfadhili mmoja alituandikia kwa upole akauliza matembezi yanaingiaje katika safari ya kununua vipuri na vitenge. Hapa kwetu upole ulikuwa kidogo. Tulisikia sokoni: "Wale walienda kutalii na pesa ya likelemba yetu." Tulisikia hata wimbo. Basi leo tumekuja kujibu. Mtatusikiliza mpaka mwisho, halafu mtaamua kama tuirudishe ile pesa. Tumekuja nayo. Iko katika bahasha hapa mezani, mbele ya mtunza sanduku.

Kwanza tukumbushane ni nani waliosafiri. Tulikuwa sita: wamama watatu wa kundi la mchele, fundi wetu wa mashine ya kukoboa, na sisi wawili wa timu ya uwanjani. Kati ya hao sita, wanne walishakaa Tanzania. Siyo siku mbili. Mmoja alikaa Nyarugusu tangu kambi inafunguliwa mwaka 1996, wengine walikaa Lugufu mpaka ilipokaribia kufungwa mwaka 2009. Walizaliwa huko chini, Fizi na Kabambare, vita ikawavusha ziwa, kurudi wakarudi, ndoa na biashara zikawaleta huku kwetu. Mnawajua. Ni watu wa chama tangu mwanzo.

Tulipokuwa tunapanga safari, tuliwaambia hao wanne: "Ninyi mutatuongoza, Tanzania munaijua." Wakacheka. Mama mkubwa wa kundi akatujibu neno ambalo tuliliandika palepale: "Tulikuwaka Tanzania miaka kumi na mbili, lakini Tanzania hatukuionaka."

Wafadhili wetu wengine huenda hawajui hilo lilikuwaje. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 iliweka wakimbizi kambini. Kutoka nje zaidi ya kilomita 4 kulihitaji karatasi ya ruhusa, na aliyekamatwa bila karatasi alijua atalala wapi. Tunasema bila ubaya. Nchi ile ilitupokea wakati kwetu kunawaka, na watoto wetu walisomea pale. Lakini mtu alikula mahindi na maharage ya kambi miaka kumi na mbili, akasikia redio ya Dar es Salaam kila siku, akajua majina ya mitaa, majina ya timu, Simba na Yanga, na hakuiona Dar hata kwa dirisha la gari. Safari yake ilikuwa lori la kuingia kambini, na tangu 2005 meli ya kutoka Kigoma kurudi Kongo. Basi.

Sasa tuingie njiani. Kutoka Obokote mpaka Lubutu, halafu Punia, halafu Kindu, ni pikipiki, matope, na magogo ya kuvukia. Mnaijua, hatutaieleza. Kindu tulingoja gari-moshi siku nyingi kuliko tulizopanga; ndiyo sababu bajeti ya chakula ilipanda, na mstari ule hakuna aliyeuuliza! Halafu Kongolo, Kabalo, Kalemie. Kutoka Kalemie, boti mpaka Kigoma.

Kwenye kituo kimoja cha njiani, ambacho hatutakitaja, karatasi zetu zote zilikuwa sawa: pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya chama. Hata hivyo tuliketishwa kwenye benchi saa nne. Mama mmoja alianza kutetemeka mikono. Tulimwuliza kama ni malaria. Akasema hapana, ni benchi. Tangu kambini hajakaa kwenye benchi la ofisi akingoja mtu mwenye muhuri bila kutetemeka. Mwishowe tulipigiwa muhuri. Akautazama ule muhuri muda mrefu. Ulikuwa wa kwanza katika maisha yake uliosema yeye ni msafiri.

Kigoma tulipanda treni ya zamani, ile reli ya Wajerumani iliyofika ziwani mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bahari. Treni inapita nchi ya Uvinza, si mbali na pale ilipokuwa Lugufu. Wamama waliokaa kule walisogea dirishani. Hakukuwa na kitu cha kuona, ni miti tu. Hakuna aliyesema kitu mpaka Tabora.

Dodoma tulishuka, tukachukua bajaji mpaka stesheni mpya, tukapanda treni ya umeme. Hiyo ilianza kubeba watu mwaka 2024, na kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam haimalizi saa nne. Fundi wetu hakukaa chini kwa nusu saa ya kwanza. Alikuwa anatafuta moshi.

Basi tukafika. Dar es Salaam ni mji wa watu zaidi ya milioni tano kwa hesabu ya sensa ya 2022. Na tulipofika tu, tukaibiwa. Tunasema kuibiwa, ingawa kila pesa tuliitoa kwa mkono wetu. Nje ya stesheni alitujia kijana mwenye Kiswahili cha kwetu kabisa, "mama yangu", "yaya", "munatoka kwetu Maniema?", akatubebea mizigo, akatupeleka gesti. Tulilipa bei aliyoitaja. Asubuhi jirani wa mlango wa pili, mfanyabiashara wa Kalemie, alituambia yeye analipa nusu yake. Kijana alikuwa ameshakula sehemu yake na kwenda. Tulihama siku hiyohiyo kwenda gesti nyingine, karibu na Kisutu, ndogo, safi, choo cha pamoja, feni inayolia kama mashine yetu ya mpunga.

Katika gesti ile ya pili ndipo mambo ya leo yanapoanzia. Vyumba vilikuwa vimejaa watu wa aina mbili. Aina ya kwanza ni wafanyabiashara wadogo: Wakongo, Wazambia, Warundi, watu wa mabegi makubwa ya nailoni yenye mistari. Aina ya pili ni vijana wazungu wenye begi mgongoni. Mnajua picha yao hata kama hamjawahi kuwaona: ndala, nguo zimekauka juu ya begi, chupa ya maji inaning'inia. Watu wanawaita watalii, na hapa kwetu mtalii ni mtu tajiri. Hawa hawakuwa hivyo. Msichana mmoja wa Uholanzi na mwenzake walikuwa wanagombana na muuza chipsi kwa ajili ya shilingi mia tano. Mama wetu mkubwa aliona ugomvi ule akasema: "Huyu ni mutu wa soko. Nitamusalimia."

Wakasalimiana. Fundi wetu, ambaye alisoma Kiingereza kambini, alitafsiri. Msichana alikuwa na dola 25 kwa siku, za kulala, kula na kusafiri, na alishatembea hivyo miezi saba. Kabla ya Afrika alikuwa Asia, mji wa Bangkok, nchi ya Thailand. Kila jioni alikaa kwenye ngazi na kutusimulia mji ule, na sisi tukamsimulia Kindu na msitu wa Obokote.

Mji wenyewe ulitufurahisha masikio. Bangkok ni mkubwa kuliko Dar, una maghorofa kama msitu wa mimea ya vioo, na tangu mwaka 1999 una treni inayopita juu ya nguzo, juu ya magari yaliyokwama barabarani. Lakini chini ya ile treni, akasema, maisha ni ya bei ndogo: unakula ukiwa umekaa kwenye kiti kifupi cha plastiki kando ya barabara, wali, tambi na nyama ya mshikaki. Mto mkubwa unapita katikati, unaitwa Chao Phraya, na watu wa kazi wanapanda mashua kwenda ofisini, kama watu wa Alunguli wanavyovuka Lualaba asubuhi kwenda Kindu. Na mtaa wa wasafiri wa begi mgongoni unaitwa Khao San. Alipotueleza maana ya jina hilo wamama walipiga makofi. Maana yake ni mchele uliokobolewa! Zamani ulikuwa mtaa wa biashara ya mchele. Kuanzia miaka ya 1980 wenye nyumba wakaanza kupangisha vyumba vya bei ndogo kwa hawa vijana, mpaka mtaa mzima ukageuka. Mama mmoja akasema: "Basi na siye watu wa mchele, kuna siku watalala kwetu."

Sasa sikilizeni maswali mawili ambayo mama mkubwa alimwuliza yule msichana. Alipoyauliza hatukujua uzito wake.

La kwanza: "Bei umezijuaje? Sisi tumefika jana na tumeshaliwa." Msichana akatoa simu na daftari. Kila mahali alipolala, wenzake waliotangulia walimwandikia: gesti hii bei hii, bajaji kutoka hapa mpaka pale usizidishe hapa, yule anayekungoja stesheni usimfuate, maji usinywe, mama yule wa wali ni mwaminifu. Na yeye akiondoka anaongezea yake. Hajui hata majina ya wengi walioandika. Ndiyo maana dola 25 zinamtosha. Siyo ubahili wala werevu wa kuzaliwa, ni kwamba hatembei peke yake hata akiwa peke yake.

La pili: "Na siku pesa ikiisha?" Msichana hakufikiri hata kidogo. Akasema: "Nampigia baba."

Kimya kikaingia. Baadaye, tukiwa chumbani, mama mkubwa akasema: "Tofauti yetu si begi. Begi nilibeba kubwa kuliko lake, na mtoto juu yake. Tofauti ni ule mutu wa kupigia."

Ndugu zetu, tulifikiri juu ya hilo siku zote zilizobaki. Mwaka 1996 mtu aliondoka kwao na begi, akalala njiani, akala kidogo, akavuka mipaka, hakujua kesho. Yule msichana aliondoka kwao na begi, akalala njiani, akala kidogo, akavuka mipaka, hakujua kesho. Mmoja anaitwa mkimbizi na mwingine msafiri. Mmoja anateswa na ule mwendo, na mwingine anaufurahia, anaupiga picha. Kinachowatenganisha ni vitu vitatu: karatasi yenye muhuri, habari za waliotangulia, na mtu wa kupigia pesa ikiisha. Ukiwa na vitatu hivyo, hata dola 25 ni raha. Ukivikosa, hata dola mia tano ni hofu.

Na mji uleule wa Bangkok una mlango mwingine. Tunausema kwa ajili ya vijana, maana simu zenu zinapokea matangazo kila siku. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya ilianza kuonya watu wake: vijana wanaahidiwa kazi nzuri Thailand, wanalipiwa tiketi ya ndege, wanafika Bangkok, halafu wanapitishwa mpaka hadi Myawaddy, upande wa Myanmar, wanafungiwa katika majumba na kulazimishwa kutapeli watu kwenye intaneti. Wakenya, Waganda, Waethiopia wamo kati ya waliotolewa huko, na mwaka 2025 walitolewa maelfu wa mataifa mengi. Hao nao walikuwa vijana wenye begi mgongoni, katika uwanja uleule wa ndege. Lakini tiketi alilipa mtu wasiyemjua, pasipoti ilishikwa na mwingine, na namba ya kupigia hawakuwa nayo. Kijana wa Obokote, shika neno hili: anayekulipia njia na kuchukua pasipoti yako hakupeleki matembezini.

Sasa tufike siku ya Jumapili, siku ya dhambi yetu.

Kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi tulifanya kazi Kariakoo. Vipuri vya mashine tulivipata, vitenge tulivipata, na bei zote mmezisoma katika rapoti. Kariakoo ni soko ambalo jina lake lilitokana na wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika vita ya kwanza ya dunia, waliopiga kambi pale. Tena wabeba mizigo! Na tulipokuwa tunatembea kutafuta bei, fundi akaanza kusoma vibao. Mtaa wa Kongo. Mtaa wa Lumumba. Halafu tukaoneshwa Msikiti wa Manyema. Tukasimama katikati ya msongamano, watu wanatusukuma. Kumbe watu wa Maniema walifika pwani hii zamani sana, kwa njia za misafara ya pembe na ya watumwa, na walioachwa huru na waliojileta wenyewe wakaweka jina lao juu ya msikiti. Mama mmoja wetu ni Mwislamu. Aliingia kuswali adhuhuri. Alipotoka akasema: "Sikuomba ruhusa kwa mutu."

Jumapili maduka mengi yalifungwa, na ajenti wa mizigo alituambia turudi Jumatatu. Tungeweza kukaa gesti tukitazama feni. Yule msichana ndiye aliyetushauri: mkitaka kuona mji kwa bei ya watu wenye mji, pandeni basi mpaka mwisho wa njia, halafu mrudi.

Tukafanya hivyo. Kivukoni tulipanda mwendokasi. Haya ni mabasi marefu yenye barabara yao peke yao, yalianza mwaka 2016; magari mengine yakikwama, yenyewe yanapita. Tulikwenda mpaka Kimara: Jangwani, Magomeni, Manzese, Ubungo na daraja lake la ghorofa. Wamama walikuwa wanataja majina kabla kibao hakijaonekana. Walikuwa wameyasikia redioni miaka kumi na mbili. "Sasa inakuja Magomeni." Na kweli inakuja Magomeni. Abiria mmoja, mzee wa pale, akauliza: "Mama, wewe mwenyeji?" Mama akajibu: "Ndiyo, lakini sikuwahi kufika."

Tuliporudi Kivukoni tulipanda pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni. Ni dakika chache tu, kama kuvuka Lualaba Kindu maji yakiwa yamejaa, lakini pantoni inameza magari, baiskeli, mbuzi na mamia ya watu kwa pamoja. Upande wa pili tulichukua bajaji mbili mpaka ufukweni. Tukanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tukala tukiangalia bahari. Hatukusema sana. Mtu wa msitu akiona mahali ambapo jicho halifiki mwisho, anahitaji muda.

Mama mkubwa akaingia mpaka magotini, na kitenge chake kipya, akasimama. Tulimwita picha, hakugeuka. Baadaye akajaza chupa ya maji ya chumvi. Chupa ile aliileta. Aliipeleka kwa dada yake wa kambini, yule aliyerudi naye kwa meli moja, ambaye sasa miguu haimruhusu safari. Alionja, akatema, akacheka mpaka machozi. Wengine mlikuwepo mmeona.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwendokasi, watu sita, kwenda na kurudi: 9,000. Pantoni, shilingi 200 kwa mtu, kwenda na kurudi: 2,400. Bajaji: 6,000. Chakula na maji kwa siku nzima: 24,000. Jumla 41,400. Chakula tungekula hata kama tungelala gesti, kwa hiyo raha yenyewe ni 17,400. Tungeweza kuandika "usafiri wa mjini" na hakuna ambaye angeuliza. Tuliandika "matembezi" kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sasa kwa nini tunasimama hapa kuitetea? Kwa sababu tuliona kitu ambacho katika miaka yetu ya kazi ya uwanjani hatukuwahi kukiandika kwenye rapoti yoyote. Tumewafundisha wanachama sabuni, mpunga, akiba, afya ya mama. Katika fomu zetu, mtu aliyerudi kutoka ukimbizini ana mahitaji: paa, mbegu, shule, dawa. Yote ni kweli. Hakuna mstari wa fomu unaouliza kama mtu bado anaogopa kusafiri. Na mtu anayeogopa kusafiri atauzia mchele wake kwa yule anayefika mlangoni, kwa bei ya mlangoni, maisha yake yote. Wamama wale watatu Jumatatu asubuhi walikwenda kwa ajenti wa mizigo bila sisi. Tulikuwa bado tunanywa chai. Walirudi na bei ya chini kuliko ile tuliyokubaliana naye sisi Ijumaa, na risiti juu. Kwenye kituo kile cha benchi, wakati wa kurudi, ni mama aliyekuwa akitetemeka ndiye aliyesimama wa kwanza na kusema: "Karatasi zetu ndizo hizi. Tunangoja nini?" Tulipita kwa nusu saa.

Hatusemi kwamba mihogo ya Kigamboni ndiyo iliyofanya hivyo. Tunasema kwamba mtu aliyetembea mjini siku moja bila kukimbizwa, na bila kujificha, anarudi na mgongo mwingine. Nchi hii yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwenye karatasi sisi ni wenyeji kutoka hapa mpaka bahari ya Hindi. Lakini karatasi ile iko Arusha na Kinshasa, na sisi tuko Obokote. Lazima tuilete karibu wenyewe.

Kwa hiyo komite imetukubalia tulete mbele yenu mapendekezo matatu, yanayofuata vile vitu vitatu.

La kwanza ni karatasi. Kila robo mwaka, likelemba isaidie mwanachama mmoja kupata pasipoti na kadi ya chanjo, kwa mkopo, atalipa kidogo kidogo baada ya mavuno. Pasipoti ni pesa nyingi kwa mkulima mmoja. Kwa watu wote wa chama ni mzigo unaobebeka.

La pili ni daftari. Limeshaanza, hili hapa. Tumeandika kila kitu cha njia hii: pikipiki ya Punia, siku za kungoja Kindu, boti ya Kalemie, bei halali ya gesti, jina la mtaa ambako vipuri vinapatikana, na sura ya yule kijana wa stesheni mwenye Kiswahili kitamu. Yeyote atakayesafiri, hata akienda Kisangani tu, aondoke na habari na arudi na habari. Asiyejua kuandika atasimulia, sisi tutaandika.

La tatu ni namba ya kupigia. Kila mwanachama aliye njiani awe na namba ya chama, ambayo mtu wa zamu ataipokea usiku na mchana, na sanduku dogo la dharura la kumtumia pesa ya kurudia. Wafadhili wetu, ombi letu kwenu ni hili moja: mtusaidie kuanzisha sanduku hilo. Hatuombi mtulipie matembezi. Tunaomba Obokote ipate ule mtu wa kupigia.

Kuhusu bahasha iliyo mezani, neno ni lenu. Mkisema tuirudishe, iko hapo, kamili. Mkisema iwe pesa ya kwanza ya sanduku la dharura, tutafurahi zaidi, na sisi wawili wa timu tunaongeza juu yake kiasi kilekile kutoka mfuko wetu.

Mama mkubwa ameomba tuseme neno lake kabla hamjainua mikono, kwa sababu yeye mwenyewe leo yuko shambani, mpunga hausubiri mkutano. Anasema: "Waambieni ile pesa ya pantoni ni mia mbili. Kungoja nilingoja miaka kumi na mbili."

Mtunza sanduku, hesabu ni yako.